Kinga na Kinga

Jokofu la Tirza bado linanguruma jikoni, Sderot,
mlango umeshikwa na kipande cha waya
alichokisokota Musbah zamani,
siku ambazo fundi wa Shujaiya aliamka alfajiri,
akapanga foleni kivukoni, akaonyesha kibali,
akawa upande wa pili kabla chai haijapoa.
"Waya huu ni wa muda tu," alisema kwa Kiebrania cha sokoni.
"Jumapili nitaleta bawaba mpya."

Jumapili kivuko kilikuwa kimefungwa.
Mtu alikuwa amejilipua ndani ya basi.
Waliookota viatu barabarani walivihesabu mara mbili,
na mara zote mbili vikawa witiri.

Tirza ana sekunde kumi na tano.
King'ora kikilia, ndio umri wake wote:
ngazi nne, kumbeba mjukuu, Nehorai,
kuvuta mlango wa chuma, kuhesabu kwa sauti.
Mtoto amejifunzia hesabu humo,
kwa hiyo hajui kwamba kuna kumi na sita.

Musbah alipewa dakika kumi.
Sauti ya kijana kwenye simu, Kiarabu safi, adabu tele:
"Bwana Musbah, tokeni nyumbani. Waambie na majirani."
Na mama yangu, asiyeweza kutembea?
"Zimebaki tisa."
Akambeba mama mgongoni kama gunia la mchele.
Insulini ikasahaulika.
Itidal, bintiye, aliikumbuka walipofika kona.
Akarudi.

*

Msemaji alisimama mbele ya bendera: Tunajihami.
Mwingine, uso ndani ya kitambaa, alisema kutoka chini ya ardhi:
Tunajihami.
Nami niliyekuwa natafuta neno la tatu
nikaikumbuka methali tuliyofundishwa shuleni,
kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Mwalimu alieleza: kinga ni ukuni wenye moto;
maana yake, watoto, tushirikiane.
Hakutuambia kwamba kinga ni ngao pia,
kwamba ipo siku ngao itaegemezwa kwenye ngao
na nyumba zitashika.

Lakini msiniwekee mizani mkononi.
Aliyeingia kwa bunduki chumba cha Asaf, mdogo wake Tirza,
akamkuta na pajama, miwani juu ya kitabu,
alijua anachokitazama. Hakuna dhuluma ya jana
inayomgeuza Asaf kuwa kambi ya jeshi.
Na aliyebonyeza kitufe hakujua nani amefuata insulini,
kweli hakujua;
ila kutojua huko kulikuwa na karatasi yake,
kulikadiriwa, kukatiwa idadi,
kukatiwa saini kabla ya chakula cha mchana.

*

Tirza hataki falsafa. Anataka mlango uwe mnene zaidi.
Nani atamlaumu?
Ndege zikipita usiku kwenda magharibi
hulala usingizi mzuri,
na asubuhi huosha kikombe kimoja kwa muda mrefu mno.

Musbah yuko hemani, Deir al-Balah.
Insulini ilipatikana siku ya nne,
imepita mikono mingi, juani,
ya moto kama maji ya kunyolea.
Yeye, fundi wa baridi miaka thelathini,
aliishika ile chupa, akajua hapo hapo.
Bado akamdunga mama yake.
Ungefanya nini?

Wiki iliyopita fundi kijana alitoka Ashkeloni,
akalicheka jokofu. "Bibi, litupe.
Na huu waya, nani alifanya kazi hii?"
Koleo likawa tayari limeuma.
"Uache," alisema Tirza, kwa ukali uliomshtua hata yeye.
"Mwenyewe alisema ni wa muda."

Nehorai, chini ya meza, alikuwa anahesabu magurudumu ya gari lake,
moja, mbili, tatu, nne,
kisha akaanza tena na moja.