Ufunguo Hautoki

Veikko alinipa tochi: chungulia mwenyewe.
Nikalala chali juu ya kadibodi, Kajaani, mwezi wa tatu,
theluji ikininyonya joto la mgongo.

Chini ya mlango wa kushoto nilibonyeza kwa bisibisi.
Ikazama.
Kutu ikanimwagikia kifuani kama majani ya chai,
vipupwe thelathini na sita vya chumvi ya barabarani.
Veikko hakusema kitu. Alikuwa anafuta kioo
ambacho tayari kilikuwa safi.

Halafu akaiwasha. Saab ikakohoa mara moja, ikatulia,
na turbo ikapiga mluzi ule mwembamba
niliousikia nikiwa na miaka tisa, kiti cha nyuma,
baba akilipita lori la magogo,
mama akisema polepole, Tauno, polepole,
huku anacheka.

Nina yuro elfu nne na mia mbili.
Giaboksi peke yake, kwa fundi wa Sotkamo, itakula nusu.
Paa la nyumba linavuja. Pirkko ataniuliza swali moja tu
na ninalijua.
Rahisi ni ghali, nikajiambia nikijikung'uta,
na hii hata rahisi yenyewe si rahisi.

"Gia ya nyuma inakataa," Veikko akakiri hatimaye,
"na bila gia ya nyuma ufunguo hautoki.
Umekaa humo tangu Oktoba.
Hakuna aliyeiiba."

Nikaingia, nikafunga mlango, nikauliza bei ya mwisho.
Mkono ulikuwa umeshafika
pale katikati ya viti viwili.