Saa Nane na Robo, Idaho

Mlango wa jikoni umelia.
Bastola, mtutu chini,
kidole kando ya triga.
Kurunzi nimeishika mkono wa pili,
maana mwanga ukimkosea mtu
radhi huombwa asubuhi.

"Nani?" Kimya.
"Taja jina!"
Bomba likafunguliwa.
Mwizi gani hujaza birika?

Namulika: soksi zimelowa theluji, pajama,
Orval Tuttle, miaka themanini na mmoja,
aliyetuuzia nyumba hii
baada ya kumzika mkewe.
Anapapasa ukutani
kabati la vikombe tulilolihamisha.

"Verna ameamka?"

Magoti yangu ndiyo yanajua
jibu lililokuwa chemba.
Naitoa. Inabiringika mezani
kama kidonge.

"Bado," nasema. "Keti, Orval.
Ngoja maji yachemke."