Msoma Mita

Nimesoma mita za maji miaka kumi na mmoja,
Tabata, Segerea, Kinyerezi mpaka lami inapokatika.
Nafunua kifuniko, nafuta tope kwa kidole gumba,
mjusi anatoka mbio, naandika tarakimu.
Mbwa wa mitaa hiyo wananijua kwa harufu.

Kuna nyumba unakuta bomba zote zimefungwa,
haogi mtu, hafui mtu,
na bado mita inazunguka.
Namwambia mwenye nyumba: mama,
chini kwa chini kuna mahali panavuja.
Wanabisha. Wengine wananiita mwizi.

Kwangu nilibisha mimi.
Alama za zambarau kwenye mapaja ya Tunu,
moja, kisha nne, kisha sikuhesabu tena.
Nikamshika Pazi, kaka yake, darasa la nne:
unamfinya mwenzio usiku?
Akasema hapana.
Nikakata fimbo ya mpera.
Akasema hapana mpaka akachoka,
akasema ndiyo.

Muhimbili walitutajia jina la kitu chenyewe
polepole, kama mtu anayetua trei ya mayai.
Saratani ya damu.
Zamda akauliza, damu ya nani?
Mimi niliwaza fimbo.

Zamda akahamia wodini na kanga mbili na chupa ya chai.
Dawa nyekundu ilishuka kwenye mrija tone kwa tone,
na jioni Tunu akapiga kelele chooni:
"Mama, nimekojoa rozela!"
Wodi nzima ikacheka, hata yule mama wa Lindi
ambaye tangu Jumanne hakuwa amesema neno.

Watu saba wa Kimanga walikuja kutoa damu.
Mmoja ni yule niliyeandika akatiwe maji mwezi wa tatu.
Alikunja shati, akanyoosha mkono,
akanitazama:
"Soma vizuri na hii."

Siku ya kumi na mbili daktari aligeuza karatasi:
askari wa mwili, sifuri.
Kazini kwangu sifuri ina maana mbili,
nyumba imehamwa, au mtu kajiunganishia kwa wizi.
Nikamwangalia mwenye nyumba.
Amekaa kitandani, kipara kinang'aa,
anachokonoa godoro, anadai chipsi.

Pazi alikuwa na mafua, hakuruhusiwa kupanda.
Alisimama chini, upande wa kamba za nguo,
akainua daftari lake la hesabu kuelekea dirishani.
Alikuwa amechora kuku mwenye viatu.
Tunu hakuona vizuri, ila alisema ameona.

Sasa tumerudi nyumbani, wiki mbili, kisha tena.
Maji yanachemshwa, matunda yanamenywa, wageni wanaishia kibarazani.
Tukaambiwa: joto likifika thelathini na nane msingoje kuche.
Bajaji ya Shomvi inalala mlangoni kwetu,
ufunguo ananiachia mimi.

Kipimajoto amekishika Pazi.
Hakuna aliyempa kazi hiyo.
Asubuhi, jioni, na saa sita za usiku
namsikia akitafuta kandambili gizani.

Jana nilifungua daftari lake.
Mistari imenyooka kuliko ya ofisini kwetu.
Tunu, 37.1.
Mama, 36.8.
Mimi, 36.5.
Baba, halafu kistari.
Ukurasa mzima, kila siku, kistari.

Kwa msoma mita kistari kina maana moja:
nilibisha hodi, sikufunguliwa.

Nikakaa pembeni ya mkeka,
nikafungua vifungo vya shati la kazi.
Pazi akanitia kwapani kile kioo baridi,
akaubana mkono wangu usicheze,
macho yake kwenye saa, si kwangu.
Nikaanza kumwambia, lile la fimbo, mwanangu,
lile la fimbo

"Usiongee," akasema.
"Itasoma vibaya."