Kimasizi

Jina lake kwa Kiswahili silijui.
Nilipekua kamusi, nikatoka mikono mitupu,
basi nimempa langu: Kimasizi,
kwa ile kofia nyeusi isiyong'aa,
kama kitako cha sufuria ya kuni.
Binamu yake, shilingi kwa ya pili,
kofia yake inameta. Huyu hapana.
Hapa palichimbwa makaa ya mawe;
labda amebaki na vumbi lake kichwani.

Jumapili, saa kumi na mbili unusu asubuhi,
nje kidogo ya Wigan. Mabuti yangu yamekunywa maji.
Glenys Hindle, mjane wa mchimbaji,
anabonyeza kidude, sauti inatoka:
chaa, chaa, chaa,
ya puani, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.
Dakika mbili. Kimya. Tena.
"Huyo aliyerekodiwa," ananinong'oneza, "kafa zamani."
Kumbe tunamwita aliye hai
kwa mdomo wa marehemu.
Linajibu treni la Manchester.
Naandika sifuri.

Hataki makuu. Anataka mti uliooza,
mbetula laini kama mkate uliolowa chai,
autoboe mwenyewe kwa mdomo kama punje ya mchele,
unga wa mbao akautupe mbali, asijulikane anakokaa.
Akimaliza, jirani mwenye utosi wa buluu
anamtoa, anaingia bila kodi.
Kigong'ota naye hubisha hodi kwa ajili ya makinda.
Lakini hao wamegombana tangu dunia.
Anayemmaliza ni fagio:
kichaka tunakiita uchafu,
kinamasi tunakikausha,
mti ukifa tunaukata, eti usalama wa umma.
Samaki mmoja akioza, huoza wote.
Mti mmoja ukioza,
kuna mtu amepata nyumba.

Yumo katika orodha nyekundu.
Kwa kila kumi waliokuwapo Glenys akiwa msichana,
tisa hawapo,
na wa kumi leo hatujamwona.

Kituo cha nne. Cha tano.
Sifuri ina umbo la tundu, namwambia. Hacheki.
Anatoa waya, anafunga gogo bovu
kwenye shina la mti mzima, usawa wa kifua,
anakaza kwa koleo la mumewe,
kama mtoto anavyokazwa mgongoni kwa kanga.
"La mwaka jana je?"
"Walihamia nyuki."

Kituo cha sita. Anabonyeza.
Chaa, chaa, chaa.
Kalamu inagoma kwa baridi,
nami safari hii
sina haraka ya kuandika.