Kioo Hakina Upindo

Kwandu aliwaleta kutoka mwaloni Kirumba,
furu wawili ndani ya mfuko wa nailoni,
akasema, "Mama, hawa hawali, wanameza mate tu."
Nikawapa kioo cha lita arobaini
juu ya kabati la vyombo, kando ya cherehani.

Hiyo ilikuwa masika ya mwaka juzi.
Sasa wapo kumi na wanne, na si wa ukoo mmoja.
Furu jike aliatamia mdomoni, akatema kizazi.
Akaja ngogwe wa kupewa,
akaja gogogo, anayelia usiku kama bawaba kavu,
wakaja wawili wa dhahabu, wageni wa dukani,
wenye mapezi ya gauni la bibi harusi,
wanaochanwa pindo kila uchao.
Umeme ukikatika naamka, nachota maji kwa kikombe,
nayamwaga humo humo yapate pumzi,
na macho kumi na manne upande mmoja yananitazama
kama wateja wa mkesha wa Idi.

Miaka kumi na minane nashona sare hapa Igogo.
Mzazi akiniletea mtoto anayekua
naacha vidole vinne ndani ya upindo,
mwakani tunafumua, siku zinasogea.
Lakini kioo hakina upindo.
Kioo ukikosea, umekosea.

Nikaenda kwa Bigambo, fundi vioo wa Mlango Mmoja,
penseli sikioni, gundi kwenye kucha.
Akanionyesha kimoja chembamba, kirefu kwenda juu:
"Hiki kinapendeza sebuleni, wageni watauliza bei."
Nikamuuliza, samaki anapanda ngazi?
Akacheka peke yake, akafunua turubai:
kipana, sentimita mia na ishirini, lita mia tatu.
"Ila mama, lita ni kilo.
Hayo ni magunia matatu ya mahindi
yasiyopungua hata mkiwa na njaa."

Nyumba yangu imekaa juu ya jabali.
Jabali hilo lilikataa shimo la choo,
likavunja sururu mbili na ndoa ya jirani;
leo, mara ya kwanza, nimelikanyaga kwa shukrani.
Nikapima ukuta kwa futi ya shingoni:
mia na kumi na nane.
Nikapima tena, nikavuta futi kidogo
kama mwanamke anayekataa kwamba amenenepa.
Mia na kumi na nane.

Basi cherehani imetoka nje, barazani.
Nashona nikilitazama ziwa kule chini,
jua likinipiga gotini mpaka saa tano.

Jana Kwandu amepanda mawe akihema,
mikononi kopo la maziwa ya unga.
Ndani yake mmoja, hazidi kidole,
mdomo mpana, mgongo wa fedha, jicho la chai ya rangi.
"Mama, huyu naye hapo kwenye kipya atatosha?"

Sangara.
Nikaacha mguu juu ya pedeli.
Nikamwonyesha maji yote yale, Igogo mpaka usipoona kitu:
"Huyo alishapewa kile kikubwa kuliko vyote, mwanangu.
Waulize furu wamebaki wangapi."

Akasimama na kopo lake, hajui arudi au akae.
Uzi ulikuwa umekatika. Nikautia mate,
nikatafuta tundu la sindano.