Mlango wa Fuko

Jumatatu palikuwa na kifusi kimoja
kando ya bomba, cheusi, chepesi,
kama unga wa ulezi uliomwagwa na mtu mwenye haraka.
Nikakikanyaga kwa buti la mvua.
Jumanne vilikuwa vinne.
Ijumaa uani kwangu hapakuwa na pa kuanikia mahindi.

Fuko hana adabu ya mwizi.
Mwizi huja, huchukua, huondoka.
Huyu amehamia.
Anakivuta kiazi kwa chini, shina anakuachia
limesimama na majani yake mabichi,
linakusalimia kila asubuhi kama mdaiwa.
Ukilishika linakuja lote mkononi.
Halina kitu.

Nikamwaga majivu na pilipili. Alipiga chafya, labda. Sikusikia.
Nikamimina mafuta ya taa, nusu lita, ya kununua,
mvua ya Kyimo ikayaosha kabla chai haijachemka.
Mama Subilaga akasema, mwekee redio, hapendi kelele.
Nikamwekea. Siku tatu fuko alisikiliza
bei ya mbolea na matangazo ya vifo,
siku ya nne akaibua kifusi chini ya redio yenyewe,
ikaanguka kifudifudi, ikaendelea kusoma habari
mdomo ukiwa udongoni.

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu Machi.

Halafu akageuka.
Akaviacha viazi, akapita chini ya kamba ya nguo,
akapinda kwenye mgomba,
kifusi, hatua mbili, kifusi,
kuelekea kule nisikotaka aelekee:
kwa Ambakisye, alikolala.
Saruji bado hatujamwekea,
ada ya shule ilitangulia.
Kifusi cha kwanza kilitokea miguuni pake.
Cha pili, kifuani.

Hapo ndipo nilipomwita Gwamaka,
kijana aliyefeli hesabu darasa la saba
ila bei ya mkia wa fuko anaijua hata usingizini:
elfu mbili, na nyama anachukua yeye.
Alikuja na ufito, kamba ya katani, kijiti.
Akachimba kwa vidole mpaka akaifikia njia,
akaiacha wazi, hewa iingie.
"Mama Lugano," akasema, "huyu hadanganywi kwa chambo.
Tatizo lake ni mlango wazi.
Akihisi baridi imeingia kwake
atakuja kuuziba, udongo mbele yake.
Kamba inamngojea hapohapo."
Akaenda zake, anapiga mluzi.

Usiku upepo ukashuka kutoka mlimani.
Niliamka saa nane, kama ninavyoamka,
nikaukuta mlango wa jikoni umefunguka wenyewe.
Komeo lile alikuwa alitengeneze yeye.
Kesho, alisema. Kesho, mama, nina misumari.
Nikauegemeza kiti. Nikasimama pale,
peku juu ya sakafu, kiganja kwenye ubao,
baridi ikinipita katikati ya vidole.

Nikachukua tochi.

Sikumwonea huruma, tuelewane.
Nilitarajia magunia sita,
nimepata mawili na debe.
Lakini si pale. Na si kwa njia ile.
Nikaufyatua ufito kwa mpini wa jembe,
ukaruka gizani, ukachapa hewa.
Nikapiga magoti, nikalijaza tundu
kwa udongo wake mwenyewe,
nikaushindilia kwa mikono.
Ulikuwa na joto.
Nilikuwa sijui, miezi yote ile,
kwamba udongo wa chini una joto.

Asubuhi Gwamaka akaikuta kamba tupu.
Akakuna kichwa. "Mjanja, huyu."
Nikampa chai, na elfu moja ya usumbufu,
nikampeleka upande wa viazi.
"Tega huku," nikamwambia.
"Huku, tega hata kumi."