Kasi ya Kishale

Usiku nimelala, mashine haikulala.
Ilijipakulia, ikajivua, ikajivika,
na alfajiri, theluji ingali imekalia madirisha ya Košice,
ikaniandikia: Karibu, Vendelín.
Mimi mwenye nyumba, nakaribishwa kwangu!
Hapo nikajua kuna jambo limeharibika.

Picha ya mizinga yangu haipo.
Mahali pake wamenitundikia mlima wa buluu,
hauna jina, hauna kijiji chini yake,
safi kama sahani ya dukani.
Milima ninayoijua mimi
yote ina mavi ya kondoo.

Na kipanya! Nakigusa tu,
kishale kinaruka pembe hadi pembe
kama panzi aliyemwagiwa maji ya moto.

Niseme mapema tusipotezeane muda:
mkono wangu wa kulia unatetemeka.
Ulianzia kwenye kijiko,
mwaka ule Zlatica alipohamia Brno;
supu ya kitunguu saumu ikawa inafika mdomoni nusu.
Daktari ana jina refu la jambo hili.
Mimi naliita mgeni.
Siku mbili nilimvumilia, ya tatu nikampa jembe:
yeye ndiye anayenyunyiza sukari juu ya keki,
na hakuna anayemshinda.

Lakini kwenye kipanya hakufaa.
Basi nilikaa jioni nzima, miaka mitatu iliyopita,
nikakifundisha kishale uvivu,
nikaivuta kasi kushoto, kushoto tena,
mpaka kikawa kinatembea kama padri kwenye maandamano
na mtetemo wangu ukapotelea humo.
Sasa kasi imerudishwa katikati,
katikati kabisa,
panapomfaa mtu ambaye hajazaliwa.

"Baba, fungua Mipangilio."
"Iko wapi?"
"Palepale ilipokuwa."
"Zlatica, hakuna kitu kilicho pale kilipokuwa."
Alikuwa na kikao. Nikabaki na mlima.

Nilikipata kijitelezi saa nne kasorobo.
Nikakivuta kushoto; kikanikimbia; nikakivuta
kwa mikono miwili, mmoja ukiushika mwenzake
kama polisi na mlevi.
Kisha kubofya mara mbili.
Kuna folda ndogo ya majaribio, haina kitu ndani,
kazi yake ni kukuhukumu.
Nilibofya. Kimya.
Nilibofya. Kimya.
Nikaipunguza kasi mpaka mwisho wa mstari,
nikabofya — moja… pumzi… mbili —
ikafunguka.
Mzee mzima nikapiga meza kwa folda tupu.

Zilibaki folda za nyuki.
Nilikuwa nimezipanga kama mizinga ilivyo mteremkoni:
wa kwanza chini ya mtufaha,
wa nne na wa tano wamebanana,
wa kumi peke yake kando ya uzio, kwa kuwa wale ni wakali.
Mashine imezisimamisha mstari mmoja
kama wafungwa wanaohesabiwa.

Nikazihamisha moja moja.
Wa tisa uliniponyoka njiani,
ukaangukia ndani ya wa nane.
Nikautoa upesi. Nyuki wasingekubali.

Mzinga wa sita ulikufa Novemba.
Folda yake niliiondoa mwenyewe,
mahali pake nikapaacha.
Lakini kila nilipoufikisha wa saba kwenye kituo chake
mashine iliona pengo, ikakosa subira,
ikausukuma ulizibe.
Mara ya kwanza nilidhani ni mkono wangu.
Mara ya tatu nikauomba mkono radhi.

Nikarudi kwenye mipangilio, nikashuka, nikashuka,
nikakuta maneno: Panga aikoni zenyewe.
Kishale kilifika taratibu, kama anayepanda ngazi.
Nikaiondoa alama.

Mlima nimeuacha, kwa leo.
Chini yake mizinga kumi na mmoja,
na kati ya wa tano na wa saba
buluu tu, upana wa kidole.

Saa saba Zlatica akapiga:
"Vipi, umeweza?"
Nikamwambia supu iko motoni,
nayo haimngoji mtu.